Baladi za Kizungu za zamani: mwongozo kamili wa kuzipiga na bendi ndogo

Wimbo wa taratibu huonekana mwepesi hadi siku bendi inapoupandisha jukwaani. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ni nne, mwendo ni wa kutembea, maneno kila mtu anayajua. Halafu kikifika kiitikio cha pili, mwimbaji amekwisha pumzi, mpiga ngoma ameshaanza kukimbia, na gitaa na kinanda vinagombania nafasi ileile. Kosa karibu kila mara ni moja: bendi imetumia kila ilichonacho mapema. Baladi za rock na pop za miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimejengwa kwa akiba, na anayezipiga bila kuweka akiba huishia kupiga kelele za polepole.

Mwongozo huu ni wa bendi ya watu wanne au watano: mwimbaji, gitaa, kinanda, besi na ngoma. Humu "kipimo" ni fungu moja la mapigo, manne au matatu kutegemea wimbo, na "ufunguo" ni mahali do inapokaa. Aliyepitia kwaya akasoma do re mi ana nusu ya kazi mkononi.

Hatua ya 1: Chagua wimbo unaobebeka

Jaribio ni hili: mtu mmoja aimbe wimbo mzima na chombo kimoja tu, gitaa au kinanda. Ukisimama, bendi ndogo itauweza. Ukianguka, ujue uzuri wake ulikuwa studioni. "Let It Be" ya The Beatles (1970) inasimama kwa piano peke yake. "More Than Words" ya Extreme (1990) ilirekodiwa kwa gitaa moja na sauti mbili, haina hata ngoma. Lakini "I'm Not in Love" ya 10cc (1975) imefunikwa na wingu la sauti lililotengenezwa kwa kurekodi watu watatu mara 16 kwa kila noti, yaani sauti 48 kwa noti moja, kisha kanda zikazungushwa kama mkufu. Wimbo ni mzuri mno, ila ukiondoa wingu lile umebaki na mifupa. Uache.

Jaribio la pili ni la maneno. Soma mashairi yote kabla ya kumkubalia bwana harusi. "Careless Whisper" ya George Michael (1984) ni majuto ya mtu aliyemsaliti mpenzi wake. "I Will Always Love You", ambayo Dolly Parton aliitoa mwaka 1974 na Whitney Houston akaiimba upya mwaka 1992, ni wimbo wa kuagana: Parton aliuandika alipokuwa akiachana kikazi na Porter Wagoner. Kila wikendi mahali fulani maharusi wanaucheza kama dansi yao ya kwanza. Kama mteja ameng'ang'ania, mpigie, lakini usiwe wewe uliyempendekezea.

Kwa hadhira ya Kenya na Tanzania usisahau upande wa country. Kenny Rogers, Don Williams na Jim Reeves wana wapenzi wengi huku, na nyimbo zao zinasamehe zaidi: sauti haziko juu sana na gitaa moja linatosha. Weka mbili kwenye orodha, zitawapa koo la mwimbaji na mikono ya mpiga ngoma muda wa kupumua.

Hatua ya 2: Chora ramani ya wimbo

Sikiliza rekodi mara nne, kila mara ukiwa na kazi moja. Mara ya kwanza hesabu vipimo na uandike sehemu. Mara ya pili fuata besi tu. Ya tatu tafuta kodi. Ya nne andika chombo gani kinaingia wapi na kinatoka wapi. Hapa ndipo watu hukata kona, na hapa ndipo siri ya baladi ilipo.

Ramani ya kawaida inakuwa hivi: utangulizi vipimo 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti wa pili 8, kiitikio 8, solo 8, kipande cha kati 8, kiitikio cha mwisho mara mbili 16, mwisho 4. Jumla ni vipimo 80, mapigo 320. Kwa mwendo wa mapigo 66 kwa dakika, wimbo huo unachukua dakika 4 na sekunde 51. Bendi ikiupiga kwa 76 unaisha kwa dakika 4 na sekunde 13. Rekodi mazoezi yenu kwa simu, tazama muda: kama mmemaliza nusu dakika kabla ya ramani, mtafutaji wa mchawi asiende mbali.

Kodi ziandike kwa nafasi zake katika ufunguo, si kwa herufi pekee. Mfuatano maarufu kuliko yote ni do, so, la maina (kodi ya huzuni, yenye m mbele ya herufi yake), fa. Katika ufunguo wa C ni C, G, Am, F. Mwingine ni do, la maina, fa, so. Ukiwa umeziandika hivyo, siku ya kuhamisha ufunguo unasogeza do tu, kazi imekwisha.

Sasa besi. Baladi nyingi zina besi inayoshuka ngazi wakati kodi juu yake zinabadilika taratibu: do, ti, la, so, fa, mi, re, kisha so. Katika C: C, G yenye B chini, Am, C yenye G chini, F, C yenye E chini, Dm, G. Mpiga besi akikaza kupiga jina la kila kodi, yaani C, G, A, C, F, C, D, G, ngazi inavunjika na wimbo unapoteza ule mteremko unaowafanya watu wafumbe macho. Kwa mpiga gitaa, maumbo ya kujua ni haya, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, namba ikiwa freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa), 0 uzi wazi, x uzi usiopigwa: G yenye B chini ni x20003, C yenye E chini ni 032010, D yenye F# chini ni 2x0232, na hii ya mwisho ndiyo inayohitajika kwenye "Wonderful Tonight" ya Eric Clapton (1977), inayotembea G, D yenye F# chini, C, D.

Kuna pia ule mpito wa F kwenda Fm kabla ya kurudi C. Noti moja tu, A, inashuka nusu toni kuwa Ab, na ukumbi mzima unasikia huzuni. Hakikisha kinanda na gitaa wanashuka pamoja. Mmoja akibaki kwenye F ya kawaida, A na Ab zitakwaruzana, na hata asiyejua muziki atakunja uso.

Hatua ya 3: Chagua ufunguo kwa noti ya juu kabisa

Waimbaji wa zama zile wengi walikuwa na sauti za juu ajabu, na kuimba kwenye ufunguo wao ni kujipalia makaa bure. Hakuna msikilizaji atakayegundua kuwa umeshusha nusu toni tatu. Watagundua sauti ikipasuka.

Tafuta kwa kinanda noti ya juu kuliko zote kwenye rekodi. Mara nyingi iko kiitikio cha mwisho. Mwimbaji auimbe mstari wenye noti hiyo mara tano mfululizo kwa sauti kamili, na aufanye mwishoni mwa mazoezi, koo likiwa limechoka, kwa sababu jukwaani wimbo huu utakuwa wa nane au wa tisa. Mara ya tano ikitoka kwa kukaza shingo, shusheni nusu toni, mrudie. Mkishapata, angalieni upande wa pili: noti ya chini kabisa ya ubeti. Ikiwa imezama, maikrofoni isogezwe hadi sentimita 3 kutoka mdomoni na ubeti uimbwe kama mtu anayenong'ona. Tatizo la chini lina dawa. La juu halina.

Mwanamke anayeimba wimbo wa mwanamume asikimbilie kuhamisha. Nyimbo nyingi za waimbaji wa juu zinamkaa vizuri zilivyo. Ajaribu ufunguo wa asili kwanza, kisha nusu toni mbili au tatu kila upande.

Halafu kuna mtego wa kupandisha ufunguo mwishoni. Rekodi ya Whitney Houston inakwenda katika A, inanyamaza, ngoma inapiga mara moja, na kiitikio kinalipuka katika B, toni nzima juu. Bendi iliyochagua ufunguo kwa kusikiliza ubeti wa kwanza hukutana na ukuta hapo. Pima sauti kwenye kiitikio baada ya kupanda. Ikigoma, afadhali kuondoa kupanda kuliko kushusha wimbo mzima hadi ubeti usisikike. Nguvu ya mwisho itafuteni kwa sauti za kuitikia na ngoma. Mkiamua kupanda, tayarisheni sikio: kipimo cha mwisho kabla ya ufunguo mpya pigeni kodi ya so ya ufunguo huo, yenye saba. Kutoka C kwenda D, hiyo ni A7.

Nyimbo nyingi za piano ziko kwenye funguo zinazomsumbua mpiga gitaa, na hapo kepo, kibano cha shingo ya gitaa, ndiyo mkombozi. Eb: kepo freti ya 1 na maumbo ya D, au freti ya 3 na maumbo ya C. Db: freti ya 1, maumbo ya C. Ab: freti ya 1, maumbo ya G. Bb: freti ya 3, maumbo ya G. B: freti ya 2, maumbo ya A. Wimbo mkubwa wa Bryan Adams wa 1991, uliokaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo, uko Db. "How Deep Is Your Love" ya Bee Gees (1977) iko Eb. Bana kepo karibu kabisa na chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa. Ikikaa katikati ya freti mbili, nyuzi hupanda kidogo na gitaa linatofautiana na kinanda. Baada ya kubana, pima nyuzi upya.

Bendi kadhaa za rock za mwisho wa miaka ya 1980, Extreme na Poison miongoni mwao, zilishusha magitaa nusu toni, kila uzi: Eb, Ab, Db, Gb, Bb, Eb. Kwa hiyo ukipiga pamoja na rekodi na kila kitu kikakataa ingawa maumbo yako ni sahihi, usilikemee sikio lako. Na kama unajifunzia kwenye kaseti ya zamani, mkanda wa mpira wa redio ukilegea hushusha mwendo, wimbo ukakaa katikati ya funguo mbili. Tafuta nakala nyingine ya kupimia.

Hatua ya 4: Shika mwendo

Baladi nyingi ziko kati ya mapigo 60 na 80 kwa dakika. Hesabu mapigo ya rekodi kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, thibitisha kwa metronomu ya simu. Angalia pia kama wimbo unahesabiwa kwa tatu: "Three Times a Lady" ya Commodores (1978) na "Nothing Else Matters" ya Metallica (1991) zote zinayumba kwa tatu, na mpiga ngoma akizianza kwa nne zitavunjika kabla ya mstari wa pili.

Kwenye mapigo 66 kuna sekunde 0.91 kati ya pigo na pigo. Ni nafasi kubwa, na binadamu haipendi nafasi tupu. Anaijaza au anaifupisha. Dawa ni kugawa pigo kichwani: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, bendi nzima, midomo ikitembea. Kisha wekeni metronomu kwenye 33 ili igonge mapigo ya pili na ya nne tu. Mkiweza kumaliza wimbo nayo bila kuachana, mwendo ni wenu.

Mbio huanza mahali pawili. Pa kwanza ni mpiga ngoma anapojaza mapengo kwenda kiitikio, pa pili ni kiitikio chenyewe, kwa sababu mikono ikiongeza nguvu huongeza na mwendo. Jazo la baladi lianze pigo la tatu au la nne, lishuke kwenye tomu, ngoma za sauti nene, kwa noti nne tu nzito, liishe. Kwenye ubeti fimbo ilazwe juu ya snea, ile ngoma ndogo kali, na kugonga ukingo, tiki kavu. Snea kamili isubiri kiitikio cha pili. Mpigo wa msingi ni kiki (ngoma kubwa ya mguu) pigo la kwanza na la tatu, snea la pili na la nne, hai-hati (matoazi mawili yanayofumbana) mara nane kwa kipimo. Katika nyimbo nzito zaidi, snea inakaa pigo la tatu peke yake, na kila kitu kinaonekana kikubwa maradufu.

Hapa wanamuziki waliolelewa na dansi na rumba wana mtihani wao. Besi ya rumba inaongea muda wote na solo haina likizo. Kwenye baladi besi inashika noti moja kipimo kizima, kidole kikiwa palepale hadi noti inayofuata, na inaanza pamoja na kiki, sekunde ileile. Mpiga solo anayesubiri ubeti mzima bila kugusa uzi anafanya kazi yake. Si rahisi. Mwambieni ashike glasi ya maji.

Hatua ya 5: Gawa nafasi kati ya kinanda na gitaa

Kinanda kwanza, kwa sababu sauti yake ndiyo inayotaja mwaka. Baladi za miaka ya 1970 zinataka piano ya kawaida au Rhodes, ile piano ya umeme yenye mlio wa kengele laini. Baada ya 1983, Yamaha ilipotoa DX7, piano za baladi ziligeuka kuwa za kioo. Kwenye vinanda vinavyofuata mpangilio wa kawaida wa MIDI, namba 5 ni ya aina ya Rhodes, namba 6 ndiyo iliyo karibu na DX, na 49 ni nyuzi za okestra. Changanya 6 na 49, nyuzi zikiwa chini ya nusu ya sauti ya piano, nawe umefika 1985.

Mkono wa kushoto usishuke chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati. Huko ni kwa mpiga besi. Pedali iachiwe kodi mpya inapogonga na ikanyagwe tena mara tu baada yake. Anayekanyaga na kusahau anachemsha kodi tatu chungu kimoja, na ukumbi wa saruji utazidisha uji huo.

Gitaa kwenye ubeti lichunwe, lisikung'utwe. Kidole gumba kinashika uzi wa 4, wa 5 na wa 6. Cha shahada uzi wa 3. Cha kati uzi wa 2. Cha pete uzi wa 1. Kwa wimbo wa nne, mzunguko wa noti nane ni: besi, 3, 2, 3, 1, 3, 2, 3. Kwa wimbo wa tatu, noti sita: besi, 3, 2, 1, 2, 3. Utangulizi wa "Nothing Else Matters" ni mzunguko huo wa pili kwenye nyuzi wazi, 6, 3, 2, 1, 2, 3, mkono wa kushoto haugusi kitu. Anza na mapigo 50, panda kwa 4 kila zinapotoka noti zote kwa uzito sawa. Kosa la kawaida ni uzi wa 1 kulia zaidi ya wenzake; kidole cha pete kipunguzwe nguvu na kucha ikatwe.

Kinanda kikiwa kinachuna, gitaa lishike kodi ndefu, na kinyume chake. Viwili vikichuna pamoja vinatoa mvua ya mawe.

Kwa gitaa la umeme, ubeti upigwe sauti safi na koras kidogo (athari inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili), kitufe cha sauti cha gitaa kikiwa kwenye 7. Kwenye solo kifike 10. Mkwaruzo uwe pungufu kuliko unavyotamani ukiwa nyumbani, maana sauti kubwa ya jukwaani huongeza mkwaruzo yenyewe. Muda wa dilei, athari inayorudia noti kama mwangwi, unahesabika: 60,000 gawanya kwa mwendo. Kwa mapigo 66 ni milisekunde 909 kwa pigo zima, 455 kwa nusu pigo. Chagua nusu, marudio mawili au matatu, kimya kimya nyuma.

Solo ya baladi ni noti chache zinazoimbika. Kinachoiua ni kuvuta uzi usifike. Piga uzi wa 2 freti ya 10, usikilize; ni A. Rudi freti ya 8, ambayo ni G, vuta hadi upate ileile A. Rudia mara ishirini kila siku, vidole viwili vya nyuma vikisaidia kusukuma. Noti ikishafika, ndipo itikiswe. Anayetikisa kabla ya kufika anaficha jambo.

Saksafoni ya "Careless Whisper" msiiweke kwenye kinanda chenye sauti ya saksafoni ya plastiki. Ukumbi utacheka. Kama hamna mpulizaji, mpeni mpiga gitaa mstari huo. Kodi zake, Dm, Gm, Bb meja saba na Am, zinazunguka wimbo mzima, hivyo kinanda kitakuwa na mkono wa kumsaidia.

Hatua ya 6: Maneno mdomoni

Mwimbaji akariri mashairi. Simu mkononi humfanya ainamishe kichwa, koo likajikunja na noti za juu zikafa. Aweke alama za kuvuta pumzi kwenye karatasi ya mazoezi, moja kabla ya kila mstari mrefu, na azifuate kila mara.

Lugha ya Kiswahili imetuzoesha kufunga kila neno kwa irabu, na noti ndefu inaifichua tabia hiyo: heart inageuka hati, time inageuka taimu. Shika noti kwenye irabu ya katikati hadi mwisho wake, kisha funga kwa konsonanti fupi bila kuongeza kitu. Wasioitikia pamoja kwenye t na s za mwisho wanasikika kama nyoka watatu. Mpeni mmoja kazi ya kuzitamka, wengine waziache.

Sauti ya pili ikae theluthi moja, kama umbali wa do hadi mi, juu au chini ya kiongozi, na isiingie ubeti wa kwanza kabisa. Kwa kilele, mkiwa na uwezo, chukueni wanakwaya wanne au watano. Foreigner walifanya hivyo mwaka 1984 kwenye "I Want to Know What Love Is", walipoleta New Jersey Mass Choir, na kwetu hakuna mtaa uliokosa kwaya. Waandikieni kwa solfa, saa moja inatosha.

Hatua ya 7: Panga upandaji

Mpeni kila kipande namba ya nguvu kati ya 1 na 10 na muiandike kwenye ramani. Utangulizi 2. Ubeti wa kwanza 3: kinanda na sauti, besi ikiingia nusu ya pili. Kiitikio cha kwanza 5, ngoma ikiwa na fimbo ya kulaza. Ubeti wa pili unarudi 4. Watu wengi husahau kurudi, na bila kushuka hamna pa kupandia. Kiitikio cha pili 7, snea kamili na sauti ya pili. Solo 8. Kipande cha kati kianguke hadi 3, ikiwezekana ngoma zote zinyamaze. Kiitikio cha mwisho 9, marudio yake 10.

Fanyeni zoezi moja la kuchosha lakini lenye faida: pigeni ubeti wa kwanza kimya kiasi cha kusikia mwimbaji bila maikrofoni. Hiyo ndiyo 3 yenu. Bendi nyingi hugundua kwamba 3 yao ilikuwa 7.

Hatua ya 8: Sauti ya ukumbi

Rekodi za miaka ya 1980 zina mwangwi mrefu, sekunde 2 hadi 2.5 kwenye sauti ya mwimbaji. Ukumbi wenye kuta za saruji, sakafu ya vigae na bati juu tayari una mwangwi wake. Pigeni kofi moja katikati ya ukumbi mkiwa mmenyamaza, hesabuni mlio unachukua muda gani kufa. Ukizidi sekunde moja, mwangwi wa mashine uwe sekunde 1 hivi, ukichelewa milisekunde 40 ili maneno yatangulie. Kwenye bustani au hema, ongezeni hadi 2. Mwimbaji anapoongea na watu, mwangwi uzimwe. Hakuna kinachovunja shughuli kama tangazo la keki linalotoka pangoni.

Kwenye sauti ya mwimbaji kata mitetemo iliyo chini ya hezi 100. Kama maneno yamezibwa, punguzeni kidogo kati ya 250 na 400 kwenye kinanda na gitaa kabla ya kumpandisha yeye. Maikrofoni iwe sentimita 3 hadi 5 kwenye ubeti, na mwimbaji mwenyewe aivute hadi 15 au 20 kwenye noti kubwa. Anayeimba kilele akiwa ameimeza maikrofoni anamlazimisha fundi kumshusha, na fundi akimshusha hatamkumbuka kwenye ubeti unaofuata.

Hatua ya 9: Mwisho wa wimbo

Baladi nyingi kwenye rekodi hazina mwisho, zinafifia studioni. Jukwaani kufifia hakuwezekani, na bendi ambayo haikukubaliana itamaliza kwa zamu, besi akiwa wa mwisho kugundua.

Njia salama ni kurudia mstari wa mwisho wa kiitikio mara tatu. Mara ya tatu ngoma ziache, vipimo viwili vya mwisho vipunguze mwendo, mpige kodi ya fa mkaishikilia, mwimbaji aimbe neno la mwisho peke yake, kisha do. Mtu mmoja tu ndiye atoe ishara, na awe mpiga ngoma, kwa kuwa wote wanaweza kumwona au kumsikia. Matoazi yabembelezwe kwa fimbo laini, yasigongwe. Kinanda kishikilie pedali hadi mlio ufe wenyewe, na gitaa lisipimwe nyuzi wala mtu asiseme "asanteni" hadi mguu wa mpiga kinanda uinuke.

Mkipanga orodha, msiweke baladi zaidi ya tatu mfululizo, wala mbili za ufunguo mmoja zikifuatana. Ile yenye noti ya juu kuliko zote ikae kabla ya mapumziko.